Taya Langu na Kitanda cha Pili

Kabla sijafika kwa daktari wa meno nilikuwa nimeshalitibu sikio ambalo haliumwi. Maumivu yalikaa hapa, mbele kidogo ya sikio la kushoto, na yeyote akigusa hapo atakuapia ni sikio. Nikanunua dawa ya matone, nikatia, nikalala ubavu, nikasubiri. Sikio likang'aa, maumivu yakabaki palepale. Kisha asubuhi moja nikapiga mwayo, mfupa ukalia ko, na mdomo ukagoma kufunga. Nikasimama mbele ya kioo cha dukani, mdomo wazi, nikijitazama. Sikuogopa. Nilisukuma kidevu kwa kiganja huku na huku mpaka kikarudi, halafu nikaendelea kupiga pasi.

Mimi ni fundi wa magauni ya harusi. Watu wananiita Pini, na jina hilo sikujipa mwenyewe. Tangu usichana nashona huku nimebana pini kwa midomo, sita, nane, siku za haraka safu nzima, na uzi naukata kwa meno, kwa sababu mkasi siku zote uko upande wa pili wa chumba. Chapchap, mwenzangu anayekata vitambaa, husema siku nitakayopiga chafya tutazika bibi harusi. Huyo Chapchap mdomo wake haujawahi kubana kitu, hata siri.

Niseme kabisa jambo lenyewe, maana sipendi kuzungushana. Nyumba yangu ni duka mbele na chumba kimoja nyuma. Chumbani kuna vitanda viwili, katikati yake unapita ukijibana. Kimoja changu, cha pili cha mama. Mama alihamia kwangu nyonga yake ilipokataa ngazi. Macho yake yamefifia, ila masikio, we acha tu, anasikia sindano ikianguka kwa jirani. Nilimwogesha, nilimvisha, nilimpeleka chooni na kumrudisha. Sidai shukrani, ni mama yangu. Halafu kaka akaja akamchukua, mbele ya macho yangu, na sikusema neno.

Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo dukani hakuna pa kukanyaga. Bibi harusi alikuwa juu ya kigoda, mimi nimepiga magoti chini yake, mdomo umejaa pini, mikono miwili imeshika pindo la hariri. Hariri ukiiachia inateleza, unaanza upya. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake pembeni ya cherehani. Kaka akasimama mlangoni, wifi nyuma yake.

"Tumefikiri mama aje akae kwetu," kaka akasema. "Nyumba yetu haina ngazi, na wifi yako anashinda nyumbani. Una neno?"

Nikainua kidole kimoja, maana yake ngoja.

"Basi, hana neno," kaka akasema.

Akamnyanyua mama kwenye kile kiti, wifi akachukua begi. Begi lilikuwa tayari limefungwa, nikaliona hilo, ila akili ilikuwa kwenye pindo. Nilipochomeka pini ya mwisho nikasikia gari limewashwa. Ningeweza kukimbia, kutoka pale hadi barabarani ni hatua chache. Bibi harusi akaniuliza, "Fundi, huku si kumevuta?" Nikamwambia ndiyo, kumevuta, simama wima.

Watu walidhani nimeumia. Wakaja kunipa pole, nikawapa viti. Mimi sikusikia kitu. Umewahi kuulalia mkono wako ukaamka haupo? Upo, unauona, lakini ukiubonyeza ni kama wa mtu mwingine. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima. Mabibi harusi wakilia kwa furaha mbele ya kioo mimi naangalia pindo. Kitanda cha pili nikakitandika vizuri, nikaweka juu yake majora ya kitambaa, kwa sababu nafasi ni nafasi. Chapchap akaniuliza kama nalia usiku. Nikamwambia nalala.

Nilipiga simu. Kaka akajibu mama hajambo, mama anakula. Nipe niongee naye. Mama amelala. Nikapiga asubuhi, amelala. Nikapiga jioni, amelala. Mtu gani huyo analala saa zote, ana nini, kapewa dawa ya usingizi? Nikaacha kupiga. Nikasema kama hanitaki, hanitaki, na mimi nina magauni. Kitu pekee kilichokuwa kinauma mwilini mwangu kilikuwa lile taya.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo tu, wa rika la wateja wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ng'oa hili."

"Lipi?"

"La mwisho huku nyuma, kushoto."

Akaligonga kwa kijichuma. Akagonga jirani zake, juu na chini. Akapuliza hewa baridi. Kimya, hakuna lililostuka.

"Mama, hili jino ni zima. Sing'oi jino zima."

"Basi ng'oa linaloumwa."

"Hakuna linaloumwa."

"Kwa hiyo anayeumwa ni nani?"

Yeye akacheka, mimi sikucheka. Akaweka vidole vyake mbele ya masikio yangu yote mawili, akaniambia fungua, funga, taratibu. Upande wa kushoto ukalia ko. Akachukua fuvu la plastiki lililokuwa mezani akanionyesha mahali taya linapoingia kwenye kichwa. Kiungo cha taya, akasema. Kinafanya kazi kama bawaba, ila bawaba ya mlango haitelezi na hii inateleza, na katikati ya mfupa na mfupa kuna kisahani cha gegedu, ule mfupa laini. Kisahani kikitoka mahali pake, ndipo panapolia. Na misuli ikichoka inauma yote, sikio, shingo, kichwa, hata meno yasiyo na kosa.

"Ndiyo maana nikatia dawa sikioni," nikasema.

"Wengi hutia," akasema. Akaanza kunichimba. Nimewahi kuanguka au kupigwa usoni? Nani wa kunipiga. Vidole na magoti havivimbi, maana ugonjwa wa viungo nao huwa unafika hadi hapo? Havivimbi. Natafuna chingamu? Sina muda huo. Nafanya kazi gani? Nikamwambia. Akafumba macho kidogo.

"Pini mdomoni, kutwa nzima. Na uzi unaukata kwa nini?"

"Kwa meno, kwani wewe unaukata kwa nini?"

Akaniuliza kama sasa hivi, hapo nilipokaa, meno yangu yamegusana. Nikayasikiliza. Yalikuwa yamegusana, tena yamebanana hasa, na wala sikuwa nimeamua.

"Meno yanagusana wakati wa kula na kumeza tu, mama. Muda mwingine wote midomo ifunge, meno yaachane, ulimi upumzike juu, nyuma ya meno ya mbele. Jaribu."

Nikajaribu. Nikajiona mjinga, kama mtu aliyetoka bila kufunga mlango. Nikahesabu dakika... hapana, sikuhesabu chochote, niligundua tu kwamba yamesharudi kubanana yenyewe.

Yeye tayari alikuwa anamulika ndani. Akasema meno yangu yamelika juu, yamekuwa bapa, na kazi hiyo haifanywi na pini. Hiyo inafanywa na mtu anayesaga meno usingizini, tena kwa miaka mingi. "Unasaga meno usiku?"

"Nitajuaje na nimelala?"

"Unalala chumba kimoja na nani?"

"Hakuna."

"Hajawahi kuwepo mtu?"

Nikalitazama lile fuvu la mezani. Akadhani ni mume, nikaona anavyotafuta namna ya kusema pole. "Mama yangu," nikamwambia. "Yu hai. Anakaa kwa kaka."

"Basi muulize. Nataka kujua kama alikuwa anasikia, tangu lini, ni kila usiku au ukiwa na jambo. Kama ni usiku nitakutengenezea kifuniko cha plastiki, unavaa juu ya meno ukilala, yanasaga plastiki badala ya kusagana. Kama ni tabia ya mchana tu, kifuniko hakitakufaa."

"Na sindano? Au kupasuliwa?"

"Huko ni mwisho kabisa wa barabara. Wengi hawafiki, wanapona kwa haya mambo yanayoonekana ya kijinga."

Mambo ya kijinga yenyewe ni haya: kula laini kwa majuma kadhaa, kukata chakula vipande vidogo, kubandika kitambaa cha moto shavuni na cha baridi siku taya likiwaka, dawa ya maumivu kwa muda mfupi na si kwa mazoea, mazoezi ya kufungua na kufunga mbele ya kioo, na nikipiga mwayo nishike kidevu kwa ngumi. Na pini mdomoni basi.

"Nitashonaje?"

"Si kuna kile kimto cha pini cha kufunga mkononi?"

"Najua kipo. Kinafungwa na wanaojifunza."

Nikakifunga. Chapchap aliponiona nimefunga kimto na mbele yangu kuna bakuli la uji, akavuta kiti akakaa anitazame vizuri. "Umezaliwa upya," akasema. "Bado kuota jino la kwanza." Tatizo la mdomo mtupu ni kwamba watu wanakusemesha na wanangoja ujibu. Zamani mteja akiuliza gauni lini, nilikuwa namwonyesha pini, anaelewa, anakaa. Sasa nikalazimika kuwajibu watu mmoja mmoja, shangazi wa bibi harusi, dada wa bibi harusi, rafiki wa bibi harusi ambaye hana kazi. Jioni taya linauma kwa maneno.

"Nenda kwa mama yako," Chapchap akasema.

"Ananikwepa."

"Huendi kumbembeleza. Daktari kakutuma, kamtafute shahidi wako."

Nisidanganye, nilipofunga duka na kwenda, sikuwa nimekwenda kwa ajili ya meno. Nilitaka mama arudi. Nilitaka afunge lile begi lake, au aniambie usoni kwamba hanitaki nijue moja. Meno yalikuwa tikiti ya kuingilia.

Wifi akafungua mlango, mikono ina povu. Ni mtu mwema, wifi yangu, na siku hiyo wema wake ulinichosha. "Karibu wifi yangu," akasema. "Ila mama ame..."

"Mwamshe. Nimetumwa na daktari."

Sauti ikatoka chumbani. "Mpishe apite. Nimesikia miguu yake tangu getini."

Nikaingia nikitafuta kosa. Nilitaka nikute shuka chafu, chumba kinanuka, maji yako mbali na kitanda. Shuka zilikuwa safi. Dirisha lilikuwa kubwa, maji yalikuwa hapo karibu, na ukutani kaka alikuwa amefunga bomba la kushikilia mtu anapoinuka. Mimi sikuwahi kufikiria bomba. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda, hata godoro halijainama."

"Nakunywa uji."

"Unaumwa nini?"

"Taya."

Akanyoosha mkono, akapapasa bega langu, shingo, akaweka vidole viwili mbele ya sikio langu la kushoto, palepale. Hakukosea hata kidogo.

"Hapa," akasema.

"Nani kakuambia?"

"Hapo ndipo palipokuwa panalia."

Kwa hiyo nikamuuliza alichoniagiza daktari, kwa sauti ya dukani, kama namwuliza mteja kiuno. Nasaga meno usiku?

"Unasaga."

"Tangu lini?"

"Tangu usiku wa kwanza niliohamia. Nilidhani panya anatafuna mlango. Nikasema kesho tutafute mtego. Usiku wa pili nikajua ni wewe."

"Kila usiku?"

"Kila usiku. Nikikohoa unasaga. Nikigeuka unasaga zaidi. Nikibanwa na haja nilikuwa sikuamshi, najikaza kisabuni mpaka kuche, nakusikiliza." Alikuwa ameangalia dirishani, ambako haoni. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimekilalia hicho cha kwako. Nikasema huyu mtoto mchana ananiogesha hasemi kitu, halafu usiku ananitafuna."

"Mama, mtu akilala hajui."

"Ndiyo maana nikaamini. Ukiwa macho unaweza kunidanganya." Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Nikamwambia kaka yako aje anichukue."

"Wewe?"

"Mimi. Nikamwambia aje Jumamosi, asubiri uwe na bibi harusi, mdomo umejaa pini. Maana ungekuwa na mdomo mtupu ungekataa. Na ningekusikia unakataa, nisingenyanyuka kwenye kile kiti."

Nilikasirika. Tangu ile Jumamosi sikuwa nimesikia kitu chochote, na cha kwanza kurudi kikawa hasira, ikapanda mpaka kwenye meno. Begi lililofungwa mapema. Kaka aliyesubiri mlangoni mpaka nimejaza mdomo. Nilitaka kumpigia kelele mama yangu mzee, mgonjwa, kitandani kwake, na wifi akiwa jikoni anasikia.

"Na simu?" nikasema. "Kila nikipiga umelala. Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimekaa hapahapa. Ningesikia sauti yako ningerudi."

"Kwa hiyo mlinifanyia ujanja. Mkaniacha nijione mtu aliyemtupa mama yake kwa sababu ya pindo."

"Tulikufanyia," akasema. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ulikuwa unajimaliza, na mimi ndiye sababu, na wewe si mtu wa kusema. Ungefanyaje kama mimi?"

Nikajigundua nimeuma meno, nikayaachanisha, nikaweka ulimi juu kama nilivyofundishwa. Mama akasogeza uso karibu.

"Na sasa je?" akauliza. "Umeacha? Sasa unalala vizuri?"

Niliona anachokitaka. Kilikuwa usoni kwake wazi, kama mtoto anayeuliza kama amefaulu. Alitaka nimwambie nimeacha, ili kuondoka kwake kuwe kumefaa kitu. Na ningesema hivyo, angebaki pale kwenye shuka safi, ameridhika, na mimi ningerudi kwenye majora yangu.

"Sijui," nikasema. "Hakuna wa kunisikia."

Wifi jikoni akaacha kuosha vyombo. Kisha mama akajivuta kuelekea ukutani, akapiga godoro kwa kiganja.

"Vua viatu ujilaze."

"Mchana huu, mama?"

"Jilaze nikusikilize. Usinisemeshe."

Nikavua, nikajilaza. Mwanamke mzima, nywele zina mvi, nimelala ubavuni kwa mama yangu saa za kazi. Nikamwambia sitapata usingizi. Akaniambia ninyamaze. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka nyuma ya mgongo wangu, na nilikuwa nimesahau kwamba pumzi yake ina kijimluzi mwishoni. Nikasema nitafumba macho tu kumridhisha.

Nilipoamka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nikageuka, nikamwona amekaa upande wa miguuni, kajitoa mwenyewe kitandani pole pole ili asinitikise, mkono mmoja kwenye bomba, miguu imening'inia.

"Umesaga," akasema.

"Sana?"

"Kama zamani. Zaidi ya zamani." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na mimi sikukohoa. Sikugeuka hata mara moja. Nilibana pumzi nione kama utaacha. Hukuacha."

"Daktari amesema ni ya miaka mingi, mama. Yameshalika. Hata kabla hujaja kwangu."

Sikuwa na uhakika kama amenisikia, yeye anayesikia kila kitu. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu.

"Kumbe si mimi," akasema.

"Si wewe."

"Kumbe si mimi." Mdomo ukaanza kumtetemeka, akauziba kwa kiganja, na mimi nikasikia. Ule mkono uliolaliwa, damu ikirudi, mnajua unavyochoma. Ulichoma kila mahali kwa pamoja, na sikuwa na cha kufanya ila kukaa pale uchome. Nikamshika bega. Tukakaa hivyo mpaka akapumua vizuri.

Kisha akaanza kupapasa sakafu kwa vidole vya miguu.

"Mwite wifi yako," akasema. "Muulize viatu vyangu vya kutokea na begi langu kaviweka wapi."